Pepo la Mtihani

Huruma, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Mueni,

Mama yako amekwisha kukwambia yote anayoambiwa msichana anayekwenda chuoni: sabuni, marafiki, baridi ya Bonde la Ufa, wanaume. Amekwambia mara tatu, na kesho asubuhi ataongeza ya nne ukiwa na sanduku mkononi. Mimi hayo nayaruka. Nimekuja hapa karakana, leo hakuna mtu, nimepangusa vumbi la mbao kwenye benchi langu na nimekaa na karatasi. Nina jambo moja tu la kukwambia, nalo nimelikwepa kwa miaka minne.

Kilichonisukuma ni Alhamisi. Ulikuwa unakunja nguo, mama yako anapaka rangi vifaru vya mbao vya oda, nami nimejilaza nyuma ya pazia mkidhani nimesinzia. Nikakusikia ukimwambia, "Mama, mimi naogopa mitihani ya huko chuoni. Kichwa changu si tunakijua? Nikikalia kile kiti kinafunga tu." Mama yako akasema mchungaji atakuwekea mikono kabla hujasafiri. Ukajibu, "Sawa."

Hilo "sawa" lako limenisumbua tangu siku hiyo. Nilitaka kutoka nyuma ya pazia, nikatafuta viatu, nikavikosa, nikajiambia basi nitasema kesho. Ijumaa sikusema. Jana sikusema. Leo kanisani ulipiga magoti mbele, yule bwana akakushika kichwa akikemea tena lile pepo la mtihani, watu wakipiga makofi, nami niko kwenye benchi la tatu ndani ya suti yangu. Nilijionea kinyaa kiasi cha kutaka kutema mate palepale sakafuni.

Kwa hiyo soma, mwaitu. Nakuita mwaitu kwa sababu una jina la mama yangu, na kwetu Ukambani binti wa namna hiyo baba yake humwita mama, akamheshimu. Utaona mwenyewe nilivyokuheshimu.

Unakumbuka jinsi ulivyofika kwenye masomo ya posta. Ulikuwa kidato cha pili shule yenu ilipogoma kwa sababu ya maharagwe yenye wadudu. Wewe ulikuwa kiranja wa bwalo, hukurusha hata jiwe moja, lakini mwalimu mkuu alihitaji majina ya kupeleka kwa bodi, na jina la kiranja wa bwalo lilikuwa karibu na kalamu yake. Ulirudi nyumbani na barua ya kufukuzwa, barua ya kufunga kila mlango. Tulizunguka na hiyo barua, mimi na wewe, kwa miguu, kuanzia shule za karibu na Mathare hadi kule Komarock, na kila mkuu aliyeisoma alikunja pua kana kwamba tumemletea samaki aliyeoza. Mmoja aliishika kwa vidole viwili. Nawachukia watu wale mpaka leo, na sioni sababu ya kuacha.

Mwishowe tukasikia kuna masomo ya serikali, mtu anasoma akiwa kwao. Vijitabu vinakuja kwa posta, mchana kuna vipindi vya redio, mwisho wa kila kijitabu kuna zoezi. Unaandika majibu, unatuma, mwalimu usiyemwona anasahihisha kwa kalamu nyekundu na kukurudishia. Tukaenda mjini kujiandikisha. Karani aliyetupokea alikuwa akibambua njugu juu ya fomu za watu, maganda anayapuliza upande wetu.

"Anwani ya posta," akasema bila kuinua kichwa.

Katika ploti yetu yote, vyumba vyote vile vya kupanga, hakuna aliyekuwa na sanduku la posta, unajua. Barua za watu hupitia kwa mwajiri, au kanisani, au kwa jamaa aliyebahatika. Nikampa ya karakana.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yetu sote wachongaji. Zikifika nitamchukulia mimi."

Akapuliza maganda. "Na anayesoma ni nani? Ni wewe mzee, ama ni huyu msichana?"

"Ni mimi," ukasema, na ukavuta fomu kwako uijaze kwa mkono wako. Nakumbuka nilivyojivuna. Tulipotoka nilikununulia soda, nikakwambia serikali imefanya jambo la maana mara moja katika maisha yake.

Basi ukaanza. Najua ulivyosoma. Redio yetu ilikuwa ya betri, na ukuta wa pili palikuwa na yule kijana wa miziki. Ulikuwa unabandika sikio kwenye spika na kuziba la pili kwa kidole, ukiandika kwa mkono uliobaki karatasi ikikukimbia mezani. Mama yako aliacha hata kupiga msasa saa za kipindi ili kelele isikusumbue. Ukimaliza zoezi ulinipa bahasha ikiwa wazi, niifunge hapa karakana kwa gundi yetu na kuitia stempu. Ilikuwa kazi ndogo ya kubeba tu.

Sasa nikukumbushe tunavyofanya kazi hapa, kwa sababu uovu wangu ulianzia humo. Kitu kinachotoka karakana hakina mkono mmoja. Mmoja hukata gogo, mwingine huchonga kwa tezo mpaka mnyama aonekane, mwingine hutoa macho na masikio, kisha msasa, kisha kina mama na rangi ya viatu. Mwanafunzi akichonga twiga wake wa kwanza na mguu ukaenda upande, twiga huyo hapelekwi kwa mkaguzi hivyo. Mzee wake anauchukua, anaunyoosha, anapunguza hapa, anasugua pale, kisha twiga anaingia rafuni kwa jina la yule mwanafunzi. Sisi tunaita kumaliziana. Hakuna anayeona aibu. Mtu akikataa kumalizia wenzake tunamwita mchoyo.

Mimi mwenyewe sikumaliziwa. Marehemu babu yako alikuwa na moyo wa jiwe. Kifaru changu cha kwanza alikitazama, akanirudishia. Nikakirekebisha, akanirudishia. Hakusema kosa liko wapi, alinyoosha tu mkono na kifaru ndani yake, mara ya sita nikalia. Nilipata kuona mwenyewe, giza likiingia, kwamba shingo nilikuwa nimeipachika kama ya ng'ombe. Nilimchukia mzee yule kwa muda mrefu. Niliapa mtoto wangu hatakaa na kitu kilichopinda mkononi nami nikimtazama. Ndiyo nadhiri niliyoitimiza kwako, na ningeomba Mungu awe ameniziba mdomo siku ile nilipoiapa.

Zoezi lako la kwanza la hesabu nilimwonyesha Mutiso, yule karani wetu mwenye mwandiko wa kupendeza, aliyemaliza kidato cha nne. Nilimwonyesha kwa majivuno tu. Akalipitia, akakuna shingo.

"Mzee, hapa namba nne amechapia. Na hii ya saba pia."

"Amekosa sana?"

"Si sana. Amesahau kubadilisha alama. Wacha iende tu, mwalimu atamwonyesha."

Sikiliza vizuri hapo, Mueni. Kijana yule alisema wacha iende. Alikuwa na akili kunishinda. Mimi ndiye nilisema, "Unaona kitu kimepinda na unataka kukituma? Malizia." Akasema, "Si ni masomo yake lakini, mzee?" Nikarudia, malizia. Akatoa karatasi safi, akanakili yote upya, namba nne na namba saba zikatoka zimenyooka. Karatasi yako wewe niliwashia jiko la gundi.

Ikarudi na alama tisini na sita, na neno la kusifu kwa wino mwekundu.

Hapa ndipo sitaki unionee huruma. Ukitaka kusema, "Baba alifanya kwa kunipenda," acha. Ile ya kwanza labda. Ya pili tayari nilikuwa nimeonja. Mimi niliishia darasa la saba, hakuna mtu aliyewahi kuniandikia neno jema kwa kalamu, na sasa nilikuwa na karatasi mfukoni mwa koti, naitoa kwa kinyozi, naitoa kwa mwenye bucha, naitoa nje ya kanisa wakati watu wanapeana mikono. Hapa karakana walianza kuniita Profesa. "Sasa, Profesa!" "Poa, vijana." Nilikuwa naitikia! Mtu mzima, na ndevu zimeota mvi, naitikia jina nililoiba kwa mtoto wangu. Ikafika mahali Mutiso akawa hasubiri kuambiwa. Ulileta zoezi la fizikia lenye majibu mawili tu na mengine umeacha wazi, akaliandika lote yeye, na nikampa kinyago kidogo cha mpingo kama asante.

Wewe ulikuwa unauliza karatasi zako. Mara ya kwanza nilikwambia sheria ya karakana ni kwamba kila barua inayoingia kwenye sanduku letu inabaki kwenye faili. Sheria gani hiyo? Niliitunga nikivua viatu. Ulikubali, kwa sababu ulilelewa kumwamini baba. Baada ya mwezi ukarudi tena. Nakumbuka ulikuwa umeshika kijitabu kifuani.

"Baba, basi nisomee hata namba tu. Nataka kuona nilipokosea."

"Hukukosea."

"Hata moja? Ile ya tano mimi mwenyewe sikuielewa."

"Hukukosea, mwaitu. Kwani hutaki kuwa na akili?"

Ukacheka. Ulikuwa na furaha siku hiyo. Ulienda kumwambia mama yako kwamba ya tano uliipata kwa kubahatisha. Sijawahi kumfanyia mtu jambo baya kuliko kicheko kile, na nimekuwa katika mji huu miaka ishirini na mitatu.

Kisha kuna ile barua. Hii hujawahi kuisikia kabisa. Mwalimu wa hesabu, yule wa kalamu nyekundu, alikuandikia nje ya zoezi, ukurasa mzima wa Kiingereza. Mutiso akanitafsiria. Alisema kazi yako inamfurahisha lakini inamtatiza, kwa sababu anaona majibu tu, haoni mahali ulipohangaika. Akasema katika masomo ya posta yeye hana macho ya kumtazama mwanafunzi. Makosa ndiyo macho yake. Akakuomba umwandikie ni wapi unakwama, hata kwa penseli, hata kwa Kiswahili. Mtu huyo hakukujua. Alikaa mahali fulani na rundo la karatasi za watoto wa nchi nzima, akasimama kwako, akakutafuta.

Mutiso akaniuliza, "Tumpe Mueni hii?"

Nikasema hapana. Nikamwambia aandike. Akaandika, kwa jina lako, "Sikukwama popote, Mwalimu."

Mwalimu akaamini. Angefanyaje? Akapendekeza kwamba mwanafunzi wa kiwango hicho hana haja ya kusubiri, ajisajili mtihani wa kidato cha nne mwaka huohuo kama mtahiniwa wa nje. Pendekezo hilo nililileta nyumbani nikikimbia. Wewe ulisita. Ulisema, "Baba, kuna vitu bado sivielewi." Nami nikakwambia wenye akili wote husema hivyo.

Siku ya karatasi ya kwanza ya hesabu nilikungoja langoni. Ulitoka wa mwisho. Hukulia. Ulisema, "Baba, yale maswali ni kama sijawahi kuyaona." Nikajibu ni wasiwasi tu. Nilisema hivyo huku nikijua si kweli.

Matokeo yalipotoka nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba umeanguka, na kwamba sitasema. Nilichoma faili yote pamoja na maranda hapa nyuma. Watu wa ploti wakaanza. Wale waliokuwa wakiniita Profesa wakasema msichana alikuwa na wavulana, ndiyo maana. Mwenye bucha akasema wasichana huwa hivyo, wanang'aa kisha wanazima. Walikuwa na hamu ya kuona mtu akianguka, nao walikula wakashiba. Na mimi, ambaye ningewanyamazisha kwa sentensi moja, nilikwambia mbele ya mama yako, "Umeniaibisha." Nilikwambia wewe umeniaibisha mimi.

Ndipo mama yako akamwendea mchungaji. Simlaumu mama yako, alikuwa anatafuta pa kushika. Lakini yule bwana! Hakuuliza hata umesoma nini. Akafumba macho, akayafumbua, akasema anaona pepo, pepo la mtihani, linafunga fahamu za wasichana wenye akili. Ijumaa tatu ukafunga bila kula wala kunywa. Ijumaa ya tatu ulitapika maji ya njano kwenye zulia lao jekundu, kanisa likashangilia kwamba limetoka. Nilikuwa nimekushika bega. Nilisema Amina. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu maadamu kulikuwa na pepo, hakukuwa na mimi.

Baada ya hapo ukaenda kiwandani kule mtaa wa Baba Dogo kufunga mishumaa kwenye makasha. Uliondoka asubuhi na kurudi jioni vidole vimebabuka, hukumlaumu mtu. Nilidhani mambo yameisha. Kumbe ulikuwa umejiandikisha upya, kwa mshahara wako, kwa kutumia sanduku la posta la shangazi wa rafiki yako, na kuanzia kijitabu cha kwanza. Hukuniambia. Labda uliona haya, labda kuna sehemu yako iliyonijua. Vyovyote vile ulifanya vizuri.

Niligundua nikitafuta tochi. Chini ya godoro lako nikakuta karatasi zimefungwa kwa uzi, za zamani chini, mpya juu. Nilikaa kitandani kwako nikazifungua. Mueni, zile za chini zilikuwa nyekundu tupu. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Na chini ya kila alama ya kosa ulikuwa umeandika lile swali tena, mara mbili, mara tatu, mpaka likatoka. Kadiri nilivyopanda juu wekundu ulipungua. Mimi si msomi lakini naijua kazi ya mkono. Niliona mtu akichonga. Sikujua kusoma hesabu hata moja mle, lakini nililia, peke yangu, mchana, na tochi sikuichukua.

Laiti ningemalizia hapo ningeonekana mtu. Lakini nimesema nitakwambia yote. Juu kabisa palikuwa na zoezi ambalo hujatuma. Nikalikunja, nikalitia mfukoni, nikaja nalo hapa. Baada ya yote yale, na machozi hayajakauka! Nilijiambia nataka tu Mutiso aangalie kama liko sawa. Uwongo, mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Nililirudisha jioni, halikuguswa, lakini usidhani niliacha kwa wema. Mutiso alikuwa amekwenda matangani kwao Machakos. Angekuwepo, sijui. Nawe ulipindua nyumba nzima siku ile ukilitafuta, ukamgombeza mdogo wako hadi akalia, nikalitumbukiza nyuma ya kitanda nikakwambia, "Si lile pale?" Ukanishukuru.

Mdogo wako atataka kujua kwa nini siku hizi namnunulia maandazi bila sababu. Ndiyo sababu.

Ulifanya mtihani bila kutuambia, ukapata C. Wengine hapa walisema C si kitu, mbona zamani alikuwa anapata tisini. Nilimrushia mmoja wao kipande cha mti. Hiyo C ndiyo alama pekee iliyowahi kuingia nyumba yetu ambayo ni ya mtu aliyeipata. Kwa alama hiyo wamekupa nafasi ya chuo cha ualimu, na kesho unakwenda, na unakwenda ukiamini kwamba ndani ya kichwa chako kuna kitu kibovu kinachoweza kuamka wakati wowote.

Sina mawaidha, mwaitu. Mtu kama mimi akitoa mawaidha ni sawa na inzi kuhubiri usafi. Nakwambia tu kilichotokea, ili siku utakapoketi kwenye chumba cha mtihani huko, moyo ukaanza kukimbia, ujue kichwa chako hakijawahi kufunga. Kiliulizwa mambo ambayo hakikupewa nafasi ya kuyakosea kwanza, kikasema ukweli kwamba hakiyajui. Kilikuwa kichwa kizima. Yule mchungaji alishika kichwa kizima akakemea, na wewe ukafunga siku tatu kwa ajili ya dhambi ya mtu aliyekuwa ameshiba chai na mkate. Hakukuwa na pepo. Kulikuwa na mimi.

Nimewaza pia kuhusu yule mwalimu wa kalamu nyekundu. Sijui jina lake kamili, aliandika herufi mbili tu. Nilitaka kumwandikia nikaona ni miaka, labda amehama, labda hakumbuki. Ukipenda mwandikie wewe. Mwambie mwanafunzi aliyemuuliza amekwama wapi hakuwahi kuipata barua yake. Ni haki yako, wala si lazima unitetee humo.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya nguo zako, chini kabisa, uikute ukiwa umefika, mimi niko mbali. Nimeikunja mara mbili kwa nia hiyo. Kisha nikajiona: bado nataka kufanya mambo ya Mueni nyuma ya mgongo wa Mueni. Basi hapana. Nakuja nayo nyumbani sasa hivi kabla ya chakula, nikupe mkononi, mama yako akiwepo, naye hajui hata neno moja la haya. Utaisoma nikiwa nimeketi hapohapo mbele yako. Sitaeleza chochote ila ukiniuliza.

Na kesho ukiona afadhali mama yako akusindikize peke yake, niambie tu. Nitabaki nyumbani.

Baba yako,
Musyoka